Msaidizi wa kisheria, wakili wa kujitolea au ujisimamie mwenyewe? Kuchagua msaada wa bure kulingana na shauri lako

Mtu asiye na pesa ya wakili akipelekewa samansi, akifukuzwa kazi, au akikuta kiwanja chake kimechimbwa msingi na mtu mwingine, kitu cha kwanza anachotafuta ni wakili wa bure. Akimkosa, anakata tamaa. Akimpata, anaona mambo yamekwisha. Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya msaada wa kisheria nimeona yote mawili yakiwapotezea watu haki zao. Msaada wa bure uko wa aina kadhaa, na kila aina ina mwisho wake: mwingine unaishia kwenye ushauri, mwingine kwenye kuandikiwa nyaraka, na mmoja tu ndio unaokusindikiza hadi mbele ya hakimu. Ninapolinganisha hapa chini naangalia mambo mawili zaidi ya mengine yote. Shauri lako linatakiwa lianzie wapi, na siku ya kusikilizwa nani atakuwa amesimama upande wako?

Ninayoyaeleza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya msaada wa kisheria na mahakama zake, zikiwemo za Kadhi. Wa huko waanzie Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar au kwa wasaidizi wa sheria wa shehia zao.

Msaidizi wa kisheria wa kata

Wasaidizi wa kisheria walikuwepo miaka mingi kabla ya kuwepo kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo iliyowatambua rasmi na kuwawekea utaratibu wa mafunzo na usajili. Wengi ni watu wa hapohapo mtaani: mwalimu mstaafu, mama wa kikundi cha hisa, kijana aliyemaliza kidato cha nne akapata mafunzo. Kazi yao ni kutoa elimu ya sheria, kukuelekeza chombo kinachohusika na tatizo lako, kukusaidia kupata nyaraka zinazohitajika, na kuzishauri pande mbili zipatane pale inapowezekana. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako, na hawaruhusiwi kukutoza hata shilingi.

Ubora wao hauonekani kwa mtu anayetafuta suti na joho. Msaidizi mzuri anamjua mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano ya kiwanja chako, anajua mtendaji wa kata yupo ofisini siku gani, na anasoma samansi kwa makini. Ataanza na jina la chombo kilichoitoa, kisha namba ya shauri, kisha tarehe ya kufika. Nimeona watu wengi waliokwenda mahakama ya mwanzo wakati wito ulitoka baraza la ardhi, jengo tofauti kabisa, na shauri likasikilizwa bila wao. Msaidizi wa kata anakuondolea balaa hilo kwa dakika tano.

Upungufu wao nao usifichwe. Viwango havilingani, na mtu anayejitolea bila mshahara anaweza kuwa shambani siku unayomhitaji. Linalonikera zaidi ni pale msaidizi anapong'ang'ania suluhu mahali isipostahili. Mtoto aliyebakwa au mke anayepigwa hadi kuumia si wa kuitiwa kikao cha wazee. Hapo ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na hospitali, siku hiyohiyo. Msaidizi akianza kukuambia "yamalizeni nyumbani" kwa kosa kama hilo, ondoka, na ukipata nafasi mripoti kwa msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria kwenye halmashauri yako.

Wakili wa shirika au wa kujitolea

Hapa namaanisha mawakili wa vituo kama Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC), wanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika wanaochukua mashauri ya kujitolea, na kamati ya msaada wa kisheria ya Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawa ndio wanaoweza kusaini nyaraka kama mawakili, kusimama, kuuliza mashahidi maswali ya dodoso na kubishana hoja za kisheria.

Ila si kila anayefika kwenye ofisi zao hupata wakili wa kumsimamia. Mawakili ni wachache, wengi wako mijini, na kila kituo kina vigezo vya nani anasaidiwa na kwa shauri la aina gani. Watu wengi huondoka na hati iliyoandikwa vizuri pamoja na maelekezo ya namna ya kujisimamia wenyewe. Huo ni msaada wa maana, lakini ni vizuri ujue mapema kwamba ndio uliopewa. Nimeshuhudia mzee akikaa kwenye benchi la mahakama asubuhi nzima akiamini wakili wake yuko njiani, kumbe kituo kilimwandikia hati tu na hakuna aliyemfafanulia.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza uliza bila aibu. Mtanisimamia mahakamani au mtaniandikia nyaraka? Wakili huyu akihama, faili langu linabaki kwa nani? Ada za mahakama analipa nani? Hilo la mwisho watu husahau, wakidhani msaada wa bure unafuta gharama zote. Wakili hakutozi, lakini mahakama ina ada zake, na mtu asiyejiweza lazima aombe kusamehewa. Barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha hali yako ya kipato husaidia sana, kwenye maombi hayo na kwa kituo chenyewe pia. Nenda nayo tangu siku ya kwanza.

Kampeni na wiki za msaada wa kisheria

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023 imefika kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuona wakili. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba maofisa wa halmashauri wa ardhi na ustawi wa jamii huwa karibu na wanasheria, na jambo ambalo lingekutembeza ofisi nne unaweza kulisogeza siku moja. Ikipita kwenu, nenda. Peleka nakala za nyaraka zako zote na uondoke na kitu kilichoandikwa: jina la ofisi unayotakiwa kwenda, na jina la anayelifuatilia.

Usiitegemee kwa shauri lililokwisha kufunguliwa. Timu inakaa siku chache na kuhamia kwingine, na shauri lako la ardhi litapigwa kalenda muda mrefu baada ya mahema kukunjwa.

Kujisimamia mwenyewe

Wengi huona hili ndilo chaguo la mwisho la mtu aliyekosa yote. Mimi silioni hivyo. Mahakama ya mwanzo imetengenezwa kwa ajili ya mwananchi anayejieleza kwa Kiswahili, na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa ujumla, ingawa bado kuna nafasi ya Kiingereza pale inapolazimu. Kama shauri ni deni la laki tano lenye maandishi na shahidi, huna haja ya kusubiri miezi kupata wakili.

Na kuna jambo ambalo watu wachache wanalijua: kujisimamia si lazima usimame peke yako. Katika mahakama ya mwanzo, kwenye mashauri ya madai, hakimu anaweza kumruhusu ndugu yako au mtu wa kaya yako akuwakilishe. Kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya sheria pia inamruhusu ndugu au mtu wa kaya yako kufika kwa niaba yako. Bibi asiyesikia vizuri anaweza kuwakilishwa na mjukuu wake anayejua kusoma. Aombe tu mbele ya hakimu au mwenyekiti, na ombi liingie kwenye kumbukumbu.

Kujisimamia kunakuwa hatari pale mwenzako anapokuja na wakili, au ushindi unapotegemea kumhoji shahidi anayedanganya. Hapo ujasiri hautoshi.

Sasa tulinganishe kwa mashauri yenyewe

Ardhi ndiyo inayojaza meza yetu, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Mgogoro wa ardhi unaanzia Baraza la Kata. Zamani mabaraza hayo yalikuwa yanaamua kesi. Marekebisho ya 2021 yaliyaondolea mamlaka hayo, na sasa kazi yao ni kusuluhisha tu. Bado hujaruhusiwa kuyaruka: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza mpaka uwe na hati ya Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 ziwe zimepita bila baraza kuwasuluhisha. Katika hatua hii wakili hana nafasi, kwa sababu mawakili hawaruhusiwi kusimama kwenye Baraza la Kata kama mawakili. Anayekufaa ni msaidizi wa kisheria, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha tarehe uliyopeleka lalamiko imeandikwa na una nakala yenye muhuri. Bila tarehe hiyo, siku zako 30 huna pa kuanzia kuzihesabu.

Ukishafika wilayani hesabu inabadilika. Ushahidi unapokewa rasmi, hoja za kisheria zinawekwa, na wenye pesa wanakuja na mawakili. Hapa tafuta wakili wa kituo kabla ya kufungua shauri. Nasisitiza kabla, kwa sababu makosa mengi yanayoua mashauri ya ardhi hufanyika siku ya kufungua.

Chukua mfano wa mama mmoja tuliyemhudumia, ambaye shemeji yake aliuza nusu ya kiwanja baada ya mumewe kufariki. Alikwenda Baraza la Kata ipasavyo, suluhu ikashindikana. Kisha akamlipa mtu wa duka la kuchapa amwandikie maombi, akafungua shauri wilayani kwa jina lake. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akihudhuria, nauli ikitoka kwenye vitumbua. Mwishowe shauri liliondolewa, kwa hoja moja tu ya wakili wa mnunuzi: kiwanja ni mali ya marehemu, na mama huyu hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo hana uwezo wa kudai kwa niaba ya marehemu. Hakuna aliyegusa swali la nani mwenye haki.

Alipokuja kwetu alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi zisizo na mpangilio. Msaidizi wa kata alizitandaza mezani akazipanga kwa tarehe: mkataba wa mumewe wa kununulia kiwanja, wenye muhuri wa serikali ya mtaa, cheti cha kifo, na nakala ya mkataba ambao shemeji alimuuzia mnunuzi, wa miezi saba baada ya msiba. Msaidizi huyohuyo alisimamia kikao cha ukoo, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa, mama akaenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi. Hapo hakuhitaji wakili hata mara moja. Alipopata fomu namba 4, ile ya uteuzi, ndipo tulipompeleka kwa wakili wa shirika, shauri la ardhi likafunguliwa upya kwa jina la msimamizi wa mirathi. Siku ya kusikilizwa wakili alimuuliza shemeji kiwanja alikipataje. Akajibu alipewa na marehemu kwa mdomo. Akaulizwa mbele ya nani, akataja watu wawili. Akaulizwa kwa nini basi kwenye mkataba wa mauzo aliandika kwamba alikinunua. Akanyamaza. Mama asingeweza kuuliza maswali yale, na msaidizi wa kata asingeruhusiwa.

Ndiyo maana kwenye ardhi siwashauri watu wachague mmoja. Msaidizi kwanza, wakili baadaye, na wawili hao wawe na mawasiliano.

Mirathi yenyewe ina mtego wake. Mahakama ya mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Marehemu aliyeishi maisha ya Kikristo na kuachana na mila, mirathi yake inaweza kutakiwa iende wilayani au Mahakama Kuu, na ndugu wasiokubaliana hupenda kulitumia hilo kuangusha uteuzi. Kama familia ina ugomvi, lipa nauli umwone wakili mara moja kwa ushauri, hata kama yote yaliyobaki utafanya na msaidizi. Na ukishateuliwa, kumbuka kwamba mahakama ya mwanzo inataka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Wasimamizi wengi hudhani kazi imeisha wakishapewa barua.

Kazi ni tofauti kabisa, kwa sababu saa inakimbia. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Hapa kusubiri wakili wa bure ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kufungua mgogoro CMA hakuna ada, fomu namba 1 inapatikana ofisini kwao, na nakala anapelekewa mwajiri kwanza, kisha unaiwasilisha pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Jaza ndani ya siku 30 hata kama hujui utasimamiwa na nani. Wakili anaweza kupatikana baadaye, lakini siku zikipita itabidi uombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na "nilikuwa natafuta wakili" ni sababu dhaifu.

Kama u mwanachama wa chama cha wafanyakazi, huko ndiko uanzie kabla ya kituo chochote. Sheria inaruhusu ofisa au mwanachama wa chama akuwakilishe CMA, na yeye mikataba ya sekta yako anaijua kuliko wakili wa mirathi na ndoa. Wafanyakazi wa majumbani na wa hoteli wana CHODAWU, na wengi hawajui kwamba kipo kwa ajili yao. Wakili wa kujitolea anakuwa wa lazima tuzo, yaani uamuzi wa CMA, ikishatolewa na ukataka kuipinga Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Muda wa kufanya hivyo ni wiki sita.

Ndoa na watoto nitayapitia kwa ufupi. Talaka inahitaji hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache sheria ilizozitaja, na hati hiyo isiwe imezidi miezi sita siku unapofungua shauri. Kwa matunzo ya mtoto, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kwanza. Ni bure, na anaweza kumwita baba. Akikataa kuja au akaahidi bila kutimiza, ripoti ya ustawi inakuwa nguvu yako mahakamani. Kwenye mgawanyo wa mali ya ndoa tafuta wakili wa shirika la wanawake, hasa kama mali imeandikwa jina la mume peke yake.

Jinai ina kanuni zake. Dhamana ya polisi haina malipo, na anayekuomba pesa ya dhamana anakuomba rushwa. Mshtakiwa wa mauaji huwekewa wakili na serikali. Kwa makosa mengine, Sheria ya 2017 inampa hakimu au jaji nafasi ya kuthibitisha kwamba mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada, lakini mara nyingi halianzi lenyewe. Mshtakiwa au ndugu yake alitaje mahakamani kwa sauti: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria." Msaidizi wa kisheria hapa kazi yake ni kufuatilia aliko mtuhumiwa, kutafuta wadhamini na kuwaandaa na barua zao. Usimdharau, maana watu hulala mahabusu wiki nzima kwa sababu mdhamini alifika bila kitambulisho.

Wasiokuwemo kwenye ulinganisho huu

Vishoka. Wanakaa nje ya geti la mahakama wakiwa na mkoba na tai, wanakuita "mama yangu" kabla hawajajua jina lako. Wanaandika hati, wanadai elfu ishirini leo na elfu thelathini kesho, wengine wanakwambia wana mtu ndani. Kila anayejiita wakili jina lake linatafutika kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Kijana yeyote mwenye simu ya intaneti atakuangalizia. Msaidizi wa kisheria wa kweli amesajiliwa, ana kituo anachofanyia kazi, na hakuombi hela. Wa kwanza asipoonekana kwenye mfumo na wa pili akitaja bei, chukua karatasi zako uondoke.

Na kama umeshashindwa shauri na sasa ndio unasoma haya, angalia tarehe ya hukumu kabla ya kutafuta mtu yeyote. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri kwa barua leo, ibaki nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha nenda nayo kituoni. Wakili yeyote wa kujitolea utakayemfikia atakuuliza karatasi hiyo kabla ya kukuuliza kisa chenyewe.